UZI: Ukija Japan usiishie Tokyo na Kyoto, nenda Gujo Hachiman na ULALE, usipite tu

mtoto_wa_pangani

Wakuu habari za wakati huu.

Kila mara humu kuna mtu anauliza akienda Japan aende wapi na majibu ni yale yale, Tokyo, Kyoto, Osaka, mlima Fuji, imeisha hiyo. Sisemi ni kubaya. Ila mimi naishi Nagoya na kuna mji mdogo huko milimani mkoa wa Gifu unaitwa Gujo Hachiman, nikipata upenyo tu naenda, na kwakweli naumia nikiona mabasi ya watalii yanasimama pale lisaa limoja watu wanapiga picha za ngome wananunua pipi za mdalasini wanageuza kwenda kijiji cha Shirakawa-go. Yani unapita kwenye mji ambao maji ndiyo yamepanga maisha ya watu alafu unaondoka hujaona mtu hata mmoja akiyatumia. Ndo maana naandika huu uzi, nataka nimshawishi japo mtu mmoja alale pale.

Kwanza mjue ulipo. Mto mkubwa wa eneo lile ni Nagara, unaanzia mlima Dainichi kaskazini mwa Gujo na unateremka kama kilomita 166 mpaka ghuba ya Ise. Hachiman yenyewe imekaa juu ya mto Yoshida, unakata mji katikati kabla haujaingia Nagara, na kuna mto mwingine mdogo unaitwa Kodara unaungana na Yoshida hapo hapo mjini. Milima imeubana mji kila upande, misitu mitupu, maji yanayotoka huko ni ya baridi na yanaonyesha mpaka chini, ukisimama darajani unaona kokoto na samaki wanavyogeuka dhidi ya mkondo.

Sasa mifereji. Mji ulianza kama mji wa ngome, ngome yenyewe ilianzishwa 1559, nyumba zote za mbao, kwa hiyo adui mkubwa alikuwa moto. Karne ya 17 watawala wakachimba mifereji ipite kila mtaa ili maji yawe karibu siku ya moto na watu wayatumie siku zote zingine. Hata hivyo 1919 moto ukaja ukala upande wa kaskazini wa mji. Nyumba unazoziona leo mitaa ya Shokunin-machi na Kaji-machi zimejengwa baada ya hapo, zimebanana kabisa, kila moja ina kibawa cha ukuta kinachotokeza pembeni kuzuia moto usirukie kwa jirani, na chini ya paa zimetundikwa ndoo za kuzimia moto mpaka leo. 2012 mtaa huo wa zamani ukaingia kwenye maeneo ya majengo ya jadi yanayolindwa na serikali.

Lakini msifikiri mifereji ni pambo. Mfereji unapita mbele ya mlango, mwembamba unauvuka kwa hatua moja. Kwenye kingo zake kuna mifuo na nyumba ina ubao wake wa kuzibia. Ukitaka maji yapande unashika ubao unauchomeka kwenye mfuo, maji yanajaa hapo kwako, unachota unamwagia barabara kupoza joto la kiangazi au unasuuza unachosuuza, ukimaliza unachomoa maji yanaendelea kwa jirani. Nilimkuta bibi mmoja jioni kachuchumaa anasuuza ndoo na vijembe vya bustani, alipomaliza akachomoa ubao, akaukung'uta mara mbili, akaurudisha ulipokuwa, akanisalimia kwa kuinama kidogo, akaingia ndani. Hakuna aliyekuwa anapiga picha, basi la watalii lilishaondoka kitambo.

Alafu kuna mizubune. Haya ni mabirika yaliyopangwa kwa ngazi, mawili au matatu, maji ya chemchem yanaingia la juu. La juu ni la kunywa na kuoshea vitu vya kuliwa, yakimwagika yanaingia linalofuata ambako unasuuza vyombo, punje za wali na mabaki yanashuka mpaka kwenye kidimbwi chenye samaki, samaki wanakula, ndo maji yanaenda mtoni. Ukiosha sufuria kwenye birika la juu umewaharibia wote wa chini yako, kwa hiyo hakuna anayefanya hivyo.

Chemchem inayojulikana zaidi ni Sogi-sui, unaishukia kwa ngazi ukielekea Kodara. Jina ni la Sogi, mshairi wa karne ya 15 aliyekuja Gujo kufundishwa ushairi wa zamani na mtawala wa huko To Tsuneyori, na inasimuliwa kwamba waliagana hapo kwa kupeana mashairi. 1985 ilipotoka orodha ya serikali ya maji 100 bora ya Japan hii ndo ilikuwa ya kwanza kuingizwa. Nayo imegawanywa vile vile, juu kabisa panapobubujika ni patakatifu, chini yake ya kunywa, chini yake ya kuosha mchele, chini yake mboga, mwisho pa kusuuzia. Kuna kikombe, unakunywa bure.

Nitaendelea, wenye maswali leteni.

dada_wa_chumbageni

Naweka kambi hapa. Mkuu nataka kujua usafiri, maana huko vijijini Japan nasikia treni za kuhesabu. Na kiingereza wanaongea? Mimi kijapani ni arigato tu.

mtoto_wa_pangani

Dada njia ni mbili. Rahisi ni basi la masafa kutoka Nagoya au Gifu mjini, linapita barabara ya kulipia, kutoka Gifu ni kama saa moja na kitu. Angalia tu kituo cha kushuka kabla hujakata tiketi maana mengine yanakushusha huko kwenye njia ya kutokea barabara kuu nje ya mji na mengine yanaingia mpaka chini ya ngome.

Ila mimi nakushauri uende kwa treni angalau upande mmoja. Unafika Mino-Ota kwa treni za JR, yani lile kundi kubwa la reli la Japan, pale unahamia reli ya Nagaragawa, ilikuwa ya serikali mpaka 1986 ikachukuliwa na kampuni ya pamoja ya mkoa, miji ya huko na watu binafsi. Ni behewa moja la dizeli, dereva peke yake, linafuata mto Nagara juu kwa juu, linauvuka linarudi linauvuka tena. Ukipanda kuna kimashine mlangoni kinatoa kikaratasi chenye namba, chukua, usikipuuze, maana juu ya dereva kuna ubao unaonyesha kila namba inadaiwa shilingi ngapi, yani yen ngapi, na unavyosogea mbele nauli inapanda. Ukishuka unatumbukiza kikaratasi na pesa kwenye sanduku pembeni ya dereva. Pasi ya JR haifanyi kazi humo na usitegemee kadi za kugusa, beba sarafu na noti za elfu elfu. Stesheni ya Gujo Hachiman ni jengo la mbao la 1929, zuri sana, na kutoka hapo mpaka mji wa zamani ni mwendo wa miguu kama dakika 20 hivi.

Kiingereza ni kidogo. Ofisi ya utalii wapo wanaojua na wanatoa ramani, kwingine utatumia simu kutafsiri na mikono. Lakini jifunze salamu, asubuhi sema ohayo gozaimasu kwa kila unayepishana nae mtaani. Sio Tokyo pale, mtu ukimpita kimya kwenye uchochoro wa mbele ya nyumba yake ni sawa na kwetu kupita barazani kwa watu bila hodi.

Kibo_na_Mawenzi

Mkuu umenigusa. Hicho unachosema cha mifereji na kupokezana maji ndicho mababu zetu walifanya na mifongo, mifereji ya wachagga huku mlimani Kilimanjaro, mfongo una watu wake, una siku yako ya kufungulia maji na siku ya kwenda kusafisha wote na asiyekuja anatozwa. Leo mingi imekufa. Swali langu, hao wajapani nani anasafisha? Halmashauri?

mtoto_wa_pangani

Swali zuri sana mkuu na hapa ndo pa kukaa.

Kuna kichochoro kinaitwa Igawa Komichi, nyuma ya nyumba kando ya mto Yoshida, urefu wake kama mita 119 tu. Mfereji wake una koi, wale samaki wa mapambo wa rangi rangi, wakubwa wengine urefu wa mkono na wako samaki wa mtoni humo humo. Watalii wanakuja kuwaona samaki, lakini ukiangalia vizuri kuna sehemu tatu zimeezekwa vibati na ngazi za kushukia majini, hizo ni sehemu za kuoshea za majirani. Kila moja ina umoja wake wa watumiaji, na umoja ndo unafanya usafi kwa zamu. Sio halmashauri. Nimewaona asubuhi na mapema na viatu vya mpira na brashi za mpini mrefu wanakwangua ukungu wa kijani kwenye mawe, wanatoa majani kwenye wavu, wanaongea na kucheka, kisha mmoja akapita na kadaftari anaweka alama.

Sasa ninachokiogopa ni hiki. Wale niliowaona wote ni watu wazima, wengi umri wa bibi na babu zetu. Gujo kama mji mkubwa uliundwa 2004 kwa kuunganisha miji na vijiji saba na bado watu wake hawafiki 40,000, vijana wanaenda Nagoya na Tokyo. Nyumba zinabaki tupu. Ni kweli kuna wanaozikarabati zinakuwa migahawa na nyumba za wageni, na kuna vijana wanarudi, nimeongea nao. Lakini zamu ya mfereji haifanywi na mgeni wa siku moja. Inafanywa na mtu anayelala pale. Kwa hiyo ukilala, ukala kwa mama nitilie wa pale na kununua kwa fundi wa pale, angalau hela yako inabaki kwenye nyumba ambayo ina zamu.

Omosh_Nai

Buda hii thread imeiva. Mimi niko na swali moja tu, huo mto naweza kuogelea ama kuvua? Nimeona video za vijana wakiruka kutoka bridge moja huko Japan, ndio hapo?

mtoto_wa_pangani

Ndo hapo hapo Omosh. Daraja linaitwa Shinbashi, liko katikati ya mji na kutoka juu mpaka kwenye maji ni kama mita 12. Watoto wa pale wanaruka kiangazi, lakini wanaanza wakiwa wadogo kwenye miamba ya chini, mwaka hadi mwaka wanapanda mwamba mrefu zaidi, wakubwa wanawaelekeza wapi kina kipo na wapi kuna jiwe, mpaka siku mtoto anaruka daraja lenyewe. Kwa hiyo siku anaruka daraja anakuwa anaujua mto. Wageni wameruka wakapata ajali mbaya, kuna bango la onyo, na mimi nakuomba kabisa usiruke. Kama unataka kuingia majini kuna sehemu za chini zenye kina kifupi ambako familia zinachezesha watoto, ingia pale, na ujiandae, ni baridi hata mwezi wa nane.

Kuvua unahitaji kibali cha chama cha wavuvi, unanunua cha siku. Lakini hata kama huvui kaa ukingoni uwatazame wanaovua ayu, hii ni elimu. Ayu ni samaki mdogo mwembamba anaishi mwaka mmoja tu, anakula mwani unaoota kwenye mawe, na anashika eneo lake la mawe akiona mwenzie kaingia anamvamia. Wavuvi wanatumia hasira yake. Wanachukua ayu hai, wanampitishia kipete puani, wanamfungia kwenye mshipi, na nyuma yake inaning'inia ndoano tupu haina chambo. Wanamwongoza huyo samaki mpaka kwenye jiwe lenye mwenyewe, mwenyewe anakuja kumgonga, ananasa. Fimbo zao ni ndefu balaa, mita tisa na zaidi, mzee kasimama maji ya mapajani ameishika kwa mikono miwili, hasogei, ghafla anainua na samaki wawili wanaruka hewani kwa pamoja, wa kutegea na aliyenaswa, anawadaka na wavu uliochomekwa kiunoni. Mara moja aliyenaswa ndo anakuwa wa kutegea, maana ana nguvu mpya.

Huo mfumo mzima wa ayu wa mto Nagara, mto, misitu, wavuvi, FAO, shirika la chakula na kilimo la umoja wa mataifa, waliutambua 2015 kama urithi wa kilimo na uvuvi wa dunia. Ayu analiwa akiwa amechomwa kwa chumvi, amepindwa kwenye mshikaki kama bado anaogelea, unakula mpaka kichwa.

Bint_Mkunazini

Assalaam alaykum ndugu yangu. Mashallah maelezo matamu. Sisi tunaochunga chakula je? Nguruwe na pombe vimejaa kwenye vyakula vyao nasikia hata kwenye mchuzi.

mtoto_wa_pangani

Waalaykum salaam dada. Nikuambie ukweli mji ule ni mdogo, usitegemee mkahawa wa halali. Na ni kweli, hata pasipo na nyama mchuzi unaweza kuwa na mirin au sake ndani, zote ni pombe za mchele. Pale wana chakula chao cha kuku kinaitwa keichan, kuku na kabichi kwenye miso, rojo la soya iliyochachushwa, kinanukia sana, lakini kuku hakuchinjwa kwa utaratibu na mchuzi wake mara nyingi una sake.

Wanachofanya marafiki zangu waislamu, wananunua vitu Nagoya kabla ya kupanda, Nagoya ina msikiti na maduka ya halali, alafu pale wanakula ayu wa chumvi, wali, mayai, matunda, tofu. Samaki wa chumvi ni chumvi na moto tu, ila uliza kama hawajampaka kitu. Andika kwa kijapani kwenye simu, sili nguruwe, sinywi pombe hata ya kupikia, uwaonyeshe. Ukiwa unalala nyumba ya wageni ya familia watumie ujumbe huo siku kadhaa kabla, wapishi wa huko wanapenda kujua mapema, ukifika ndo unawaambia unawatia aibu kwasababu wameshapika. Wengine watakuambia tu lala bila chakula, ni sawa pia, kuna supamaketi.

Na bafu ni la pamoja, wanawake peke yao na wanaume peke yao, watu wanaoga bila nguo. Kama hilo haliwezekani kwako uliza chumba chenye bafu lake au uombe saa ya faragha, nyumba zingine wanakubali.

mzee_wa_mazingaombwe

Mkuu heshima yako, lakini umeandika mwenyewe mji mdogo, watu wazima, maduka nasikia saa kumi na moja yamefungwa. Nitoke Bongo nilipie viza na tiketi ya mamilioni nikakae kuangalia mtaro? Mchana inatosha, jioni narudi Nagoya kwenye taa.

mtoto_wa_pangani

Mzee wangu nakuelewa, na kuhusu maduka ni kweli kabisa, saa kumi na moja jioni mengi yanafunga na siku za katikati ya wiki baadhi hayafungui. Lakini ndo hoja yangu ilipo.

Mchana ule mji unahudumia wageni. Utapanda kwenye ngome, iliyopo ilijengwa upya 1933 kwa mbao na ndo ya zamani kuliko zote za mbao zilizojengwa upya Japan, utaona mji wote umelala chini umefuata mto. Utaingia karakana ya vyakula vya bandia, vile vya kwenye madirisha ya migahawa, maana Iwasaki Takizo aliyeanzisha biashara hiyo Osaka 1932 alizaliwa hapo Gujo mwaka 1895, na utamwaga nta kwenye maji ya uvuguvugu uivute igeuke jani la saladi mbele ya macho yako, watoto wanapenda mno. Utakula. Saa tisa umemaliza, nakubali.

Lakini mchana wenyeji wako kazini au wamejifungia kupisha kamera. Saa kumi na moja basi la mwisho la watalii likitoka milango inasogezwa, watu wanatoka na ndoo, na mbwa, wanakaa kwenye mabenchi ya daraja la Miyagase, watoto wanarudi kutoka shule wananing'inia ukingoni kuangalia samaki. Sauti ya maji ambayo mchana ilifunikwa na watu sasa unaisikia kila kona, kwasababu kila mtaa una mfereji na kila mfereji una sauti yake kutegemea mteremko. Ukiwa umelala kwenye nyumba ya wageni kando ya Yoshida unafungua dirisha na mto upo chini yako. Asubuhi saa kumi na mbili unakwenda Sogi-sui unakuta mtu kabeba chupa na mtungi anateka maji ya chai, anakusogezea kikombe. Hilo mchana hulipati kwa hela yoyote.

Kama unataka taa na kelele nenda kiangazi wakati wa ngoma na utazikuta hapo hapo.

dada_wa_chumbageni

Ngoma tena? Tiririka mkuu.

mtoto_wa_pangani

Inaitwa Gujo Odori. Inaanza katikati ya mwezi wa saba mpaka mwanzoni mwa mwezi wa tisa, zaidi ya usiku thelathini kwa msimu, kila usiku mtaa au uwanja tofauti. Kati yake kuna usiku nne, tarehe 13 mpaka 16 Agosti, msimu wa kuwakumbuka marehemu, watu wanacheza mpaka alfajiri kunakucha.

Hakuna jukwaa. Katikati ya barabara wanaweka kibanda cha mbao chenye magurudumu, juu wamekaa waimbaji, ngoma, filimbi na shamisen, kinanda cha nyuzi tatu, moja kwa moja hakuna kaseti, na watu wanazunguka kibanda kwa duara linalofuata mtaa. Kuna mitindo kumi. Kawasaki ni wa taratibu, mikono inainuliwa kama unautazama mwezi, Harukoma ni wa farasi, wa kuruka, vijana wanaupenda, na Matsusaka ndo wa kufungia, ukiusikia huo jua usiku umeisha. Wanavaa geta, mitawanda ya mbao ya mti wa hinoki, na sehemu kubwa ya muziki ni hiyo mitawanda mamia kwa mamia inagonga lami kwa pamoja. Mafundi wa pale wanakutengenezea, unachagua kamba ya rangi yako wanaifunga kwa kipimo cha mguu wako ukiwa umekaa hapo.

Ukifika ukasimama pembeni na simu watakuashiria uingie. Simulizi yao ni kwamba ngoma ilienezwa miaka kama 400 iliyopita ili watu wa tabaka zote wacheze pamoja, na mpaka leo hakuna mstari kati ya mtazamaji na mchezaji. Huhitaji kujua. Ingia duara la ndani, mtafute mzee mwenye miondoko iliyotulia, simama nyuma yake, muige. Raundi tatu umeshika. Mimi mweusi peke yangu kwenye watu elfu na kitu, mama mmoja akanigeuza mabega akaniweka sawa bila neno, tukaendelea. Sijawahi kujihisi mwenyeji Japan kama usiku ule.

Serikali iliitambua ngoma hii 1996 na mwaka 2022 ikaingia UNESCO pamoja na ngoma zingine za jadi za Japan.

Nyota_Jaha

Nimesoma yote. Mimi nipo Osaka, nilifika Gujo majira ya baridi na hakuna aliyenitajia ngoma wala kuruka daraja, ila nilichokiona sisahau. Kuna theluji kwenye mawe ya mto na watu wako ndani ya maji na magwanda ya mpira wametandaza zile bendera kubwa za samaki koi zinazotundikwa mwezi wa tano, wanazisugua kwa brashi kuondoa gundi ya michoro. Rangi nyekundu na nyeusi juu ya maji ya baridi vile, na mikono yao imekuwa myekundu.

mtoto_wa_pangani

Asante Nyota kwa kuongezea, hiyo inaitwa kanzarashi, wanafanya kipindi kile baridi imekaza kwasababu maji baridi yanaifanya rangi ing'ae na kitambaa kikaze. Michoro inalindwa na gundi wakati wa kupaka rangi, mwisho lazima gundi itoke, na mto ndo unaitoa. Ni ufundi wa familia wa miaka mingi mno pale.

Kwa hiyo kwa wanaouliza lini, mimi nagawa hivi. Ngoma na ayu, mwezi wa saba na wa nane, joto na unyevu kama wa Tanga na vyumba vinagombaniwa, kwa zile usiku nne za Agosti anza kutafuta miezi kadhaa kabla au lala Gifu mjini. Majani mekundu kule ngomeni, mwezi wa kumi na moja, na asubuhi za ukungu ngome inabaki juu kama kisiwa. Baridi, Januari na Februari, vaa kweli kweli, viatu visivyoteleza. Ukitaka utulivu mtupu na hali ya hewa nzuri nenda mwezi wa tano mwishoni au wa kumi, siku za katikati ya wiki.

Viza kwa watanzania na wakenya ni lazima, omba ubalozini Dar au Nairobi, na kwenye ratiba yako ya safari andika Gujo Hachiman na jina la nyumba utakayolala, wanataka kuona kila usiku upo wapi.

Nyumba za familia nyingi zinakuomba uingie kuanzia saa tisa na chakula cha jioni ni saa kumi na mbili, sio saa mbili. Ukichelewa piga simu, au mwombe mtu wa ofisi ya utalii akupigie, iko karibu na daraja la Shinbashi kwenye jengo la zamani la ofisi za mji, ukivuka mto huwezi kulikosa.